Kamba Niliyoishika

Kituo cha afya, pwani
21 Mei 2024

Dada Gaudiosa,

Ni mimi, Datius. Niko hai.

Nimepewa ukurasa mmoja. Barua itasomwa kabla ya kutumwa, kwa hiyo nimeambiwa niandike habari za nyumbani tu, nisitaje niko nchi gani wala nani aliipiga meli yetu. Meli ilizama tarehe tano. Wavuvi waliniokota nikiwa peke yangu baada ya siku tisa. Sikuumia sana. Nakula wali na samaki. Watu ni wema na hapa pametulia kabisa.

Simu yangu ilizama, na hapa hakuna mtandao. Barua hii itapita mikononi mwa watu wa misaada. Huenda ikachukua wiki, huenda miezi.

Mwambie Mama asilie. Usimweleze habari za maji. Mwambie nilikaa ndani ya boti nikisubiri kuchukuliwa, basi.

Wazazi wa Viral wakikuuliza mwenzangu yuko wapi, waambie sijui. Waambie hivyo tu.

Mwandiko ni mbaya kwa sababu kalamu ni mbovu.

Mdogo wako,
Datius Kahangwa


Ijuganyondo, Bukoba
30 Juni 2024

Datius, kama kweli ni wewe,

Barua yako ilifika Alhamisi. Nilipigiwa simu kwanza nikaichukue, na nilipoona namba nisiyoijua niliacha iite hadi ikakata. Tangu mwezi wa tano naogopa simu. Ndiyo iliyotuletea habari. Nilikuwa darasani nasahihisha madaftari, mtu wa kampuni ya meli akaniambia kwa Kiingereza cha haraka kwamba mabaharia walikuwa ishirini na mmoja, kumi na tisa wameokolewa, wawili hawajaonekana na hawatafutwi tena. Akataja jina lako vibaya. Nikamwomba alirudie, akalirudia vibaya vilevile. Halafu akataja la Viral.

Kule nyumbani Buganguzi watu walikusanyika wiki nzima. Baba mdogo Kahigi akasema mtu asipozikwa nyumba haitulii, tukate mgomba tuuzike badala yako kwenye kibanja, pembeni ya kaburi la Tata, baba yetu. Shimo lilishaanza kuchimbwa. Mama akatoka jikoni akaingia ndani ya shimo, akakaa. Akasema, "Nizikeni mimi. Mgomba siuiti mwanangu." Walimsihi mpaka jua likazama. Shimo limefukiwa bila kitu.

Sasa nisikilize. Barua inasema ni wewe, lakini mwandiko si wako. Nimekufundisha kuandika mimi mwenyewe, naujua. Herufi hizi zinaangukia kushoto kama za mtoto wa chekechea. Redioni wanasema watu wanashikwa huko na kuandikishwa barua. Nimeilinganisha na barua zako za zamani hadi macho yanauma. Sijamwambia Mama. Siku tatu barua imo kwenye mkoba wangu katikati ya madaftari. Nikimwambia u hai halafu isiwe kweli, nitakuwa nimemuua.

Kosa nimeshalifanya moja. Nilipita dukani kwa wazazi wa Viral, kwa Mzee Dhirubhai, kununua chumvi, na Mama Viral akaniangalia usoni akajua nina jambo. Nikamwambia. Alishika kaunta kwa mikono miwili. "Na Viral?" Nikasema hujui, kama ulivyoandika. Akasema, "Kama mmoja yuko hai, wa pili anaweza kuwa hai." Tangu siku hiyo haondoki karibu na simu.

Kwa hiyo nijibu hili, kama ni wewe: nani alivunja chungu cha Mama cha kukaangia senene, na tulimsingizia nani?

Dada yako,
Gaudiosa


Djibouti
2 Agosti 2024

Dada,

Ulivunja wewe. Tulimsingizia mbuzi wa jirani, na jirani akaja kuomba radhi.

Nilicheka niliposoma swali lako, halafu nikashindwa kuacha kucheka, mpaka mtu wa kitanda cha pili akamwita muuguzi.

Mwandiko ni wa mkono wa kushoto. Wa kulia uliungua, vidole viwili havijikunji. Nilidanganya kuhusu kalamu. Nilidanganya pia kuhusu utulivu. Ndege zilikuwa zinapita juu ya kile kituo karibu kila siku, na kila sahani zikitikisika kabatini mimi nilikuwa chini ya kitanda. Kulikuwa na mzee aliyekatwa mguu, akinichekea kwa upole, ananinyooshea mkono nitoke kama anavyoitwa kuku.

Sasa nimevushwa, niko kwenye nyumba ya mabaharia nasubiri hati ya kusafiria. Nashukuru nilisikia sauti yenu juzi. Mama aliponiita jina la utotoni nilitaka simu ikatike. Na wewe uliniuliza mara tatu ilikuwaje, nikasema mtandao mbaya. Mtandao haukuwa mbaya. Nilishindwa kusema kwa mdomo. Nakuandikia, na barua hii haisomwi na mtu mwingine.

Ilikuwa asubuhi, tumemaliza chai. Mimi nilikuwa chini kwenye chumba cha injini, napaka mafuta. Unakumbuka Viral ndiye aliyenitafutia kazi ile, yeye akiwa mhandisi wa tatu. Kwanza nilisikia king'ora, halafu watu wakikimbia juu. Ilikuja boti ndogo isiyo na mtu ndani yake, Dada. Waliokuwa juu waliiona ikija, inakata kona kama ina macho. Ikatupiga ubavuni. Sikusikia mlio. Niliona ukuta ukiingia ndani, kisha maji na moto vikaja pamoja, na taa zikazimika.

Nilitoka, sijui vipi. Nikajikuta majini upande wenye moshi. Boti kubwa ya kuokolea ilikuwa imeshateremshwa upande mwingine na wenzetu, sikuiona. Karibu yangu kulikuwa na boti ya mpira, ile inayojijaza hewa yenyewe. Ilikuwa imeungua nusu. Ina mirija miwili minene ya hewa, mmoja umepasuka, kwa hiyo upande mmoja ulikuwa umelala ndani ya maji. Nilipanda. Viral sikumwona baada ya mlipuko. Waambie wazazi wake hivyo.

Meli ilizama kabla ya saa sita mchana. Moshi ulipoondoka hapakuwa na mtu, hapakuwa na kitu. Nilisimama nikazunguka, nikazunguka tena. Sisi tumezoea ziwa, ukiwa katikati bado unajua Bukoba iko wapi na visiwa viko wapi. Pale hapakuwa na upande wowote.

Nilikuwa na pakiti za maji ya kunywa, biskuti chache zilizolowa, na kipande cha turubai. Jua lilikuwa linapiga mpaka mpira unaunguza, halafu miguu imo ndani ya maji ya chumvi mchana kutwa, ngozi ikawa nyeupe inabanduka. Lakini nilichoogopa zaidi ni sakafu. Sakafu ya boti ile ni mpira mwembamba tu. Siku ya pili kitu kikaanza kunigonga kutoka chini. Kinagonga mgongoni, kinaondoka, kinarudi kinagonga gotini. Nilikuwa najikunja niwe mdogo. Nikawa siendi haja mpaka nashindwa, nikihofia harufu itawaita papa. Huenda walikuwa samaki wadogo tu. Sikuwahi kuchungulia.

Siku ya tatu ilipita meli. Kubwa, karibu, naona madirisha. Unajua nilifanya nini? Nilijifunika turubai. Nilidhani ni wao wanarudi kumaliza. Nilibaki chini ya turubai nikisikia injini yake, na mimi najua injini, niliisikia ikipunguza mwendo. Wakaangalia, wakaona mpira ulioungua hauna mtu, wakaenda zao. Nilipotoka walikuwa wadogo kama kipande cha mkaa. Ndipo nikapiga kelele, na koo halikutoa kitu.

Baada ya hapo nikaanza kuongea Kihaya peke yangu ili nisisahau kuongea. Nilikuwa namsimulia Tata njia ya kutoka nyumbani hadi kanisani, nyumba kwa nyumba, nani ana kahawa, nani ana ndizi za aina gani. Nikikosea nyumba moja naanza upya. Siku ya saba maji yalikwisha. Siku ya tisa nikasikia watu, nikajificha tena, Dada. Mvuvi aliinua turubai kwa kasia akanikuta nimejikunja. Nilimsihi kwa Kihaya asiniue. Akanipa chai ya maziwa kwenye kifuniko cha chupa.

Mama usimsomee hii.

Datius


Bukoba mjini
3 Septemba 2024

Mwanangu Datius,

Nakuandikia barua kwa sababu sitaki simu. Nikisikia sauti yako nitaitafuta sauti nyingine ndani yake, na haimo.

Nasikia una wiki mbili sasa uko Buganguzi kwa mama yako. Nafurahi kwa ajili yake. Namfahamu tangu ulipokuwa unasoma hapa mjini na Viral, alikuwa anakuja na mkungu wa ndizi kila mwisho wa muhula na hakubali kuondoka mpaka niupokee. Nawe ulikuwa unakula kwangu Jumamosi zote, unapenda dengu, hupendi pilipili. Kutoka kwenu mpaka hapa ni basi moja tu la asubuhi. Hujaja.

Gaudiosa aliniambia jibu lako, kwamba baada ya mlipuko hukumwona Viral. Nilikubali. Mzee naye alikubali. Tulijua basi amebaki kule chini kwenye moto. Tangu siku hiyo mimi siwashi jiko. Binti yangu Shreya alipokuja likizo alipika yeye, sasa amerudi Mwanza, tunakula mkate.

Juma lililopita alinipigia Awadhi, mpishi wa meli yenu, yule mtu wa Tanga. Alitaka kunipa pole, alikuwa hospitali muda wote huu. Akasema, "Mama, mwanao alikuwa shujaa." Akaniambia kwamba walipokuwa wanateremsha boti ya kuokolea, Viral alikuwa tayari ameshapanda. Akahesabu watu, akaona wewe hupo. Akashuka. Awadhi alimshika jaketi, akamponyoka. Baadaye, boti yao ilipokuwa inasogea mbali, Awadhi aliona kwa nyuma, upande wenye moshi, watu wawili majini. Wawili, Datius. Wote wana majaketi ya rangi ya chungwa. Mmoja alikuwa anapanda boti ya mpira.

Sikuulizi kwa hasira. Mimi ni mama, nataka kujua tu. Aliungua? Alikuwa na jaketi kweli? Uliuona uso wake? Mzee hajui kwamba nimekuandikia. Usiku na mchana naogopa jibu lako, lakini kutojua ndiko kunaniua zaidi.

Sushila


Buganguzi, Muleba
8 Septemba 2024

Mama Viral,

Shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nne. Dada Gaudiosa atakuletea kwa mkono wake, anakuja hapa kesho kumwona Mama. Yeye hajui kilichomo.

Nilidanganya. Viral alinitoa kwenye chumba cha injini. Nilikuwa nimebanwa mguu na ngazi iliyoanguka, maji yamefika kifuani. Nilisikia anaita jina langu gizani, nikapiga chuma kwa spana, akanifuata kwa mlio. Aliinua ile ngazi kwa mgongo. Tulipofika juu mkono wangu ulikuwa umeshaungua, sikuweza kujifunga jaketi, akanifunga yeye. Akanisukuma majini, akaruka nyuma yangu.

Hakuungua, Mama Viral. Alikuwa mzima. Alikuwa na jaketi. Uso wake niliuona, una mafuta meusi, na alikuwa ananiambia, "Panda! Panda kwanza!"

Nilipanda. Upepo ukaishika boti ya mpira mara moja ikaanza kwenda. Yeye alikuwa nyuma kama hatua thelathini. Kwenye boti ile kuna kamba nyembamba ndefu, mwisho wake ina pete ya mpira, ni ya kumrushia mtu aliye majini. Imefungwa kando ya mahali pa kupandia. Niliifungua. Niliishika mkononi. Viral aliona nimeishika, akainua mkono.

Ndipo nikaisikia boti ya pili, isiyo na mtu kama ile iliyotupiga. Mlio wake ni mwembamba kama pikipiki. Ilikuwa inazunguka ndani ya moshi, haionekani, mara iko kulia, mara iko nyuma. Nilifikiri inatafuta watu. Sasa naambiwa haina masikio, inaifuata meli tu, haiwezi kumsikia mtu. Wakati ule sikujua. Niliamini nikisimama itaniona, nikirusha itaniona, nikijibu itanisikia. Nililala chini ndani ya maji ya boti, nikajifunika turubai, kamba iko mkononi.

Viral alikuwa anaita, "Datius, kamba! Datius, rusha!" Mimi nilijiziba mdomo kwa mkono huu ulioungua. Aliita muda mrefu. Sikujibu hata mara moja.

Halafu aliacha kuniita. Akawa anasema maneno ya kwenu, si kwa kelele, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayejisomea. Sikuyaelewa. Nayaandika kama nilivyoyasikia: ek, be, tran, char. Anafika mahali ananyamaza, anaanza tena. Kila akianza sauti ilikuwa mbali kidogo zaidi, kwa sababu boti ilikuwa inapelekwa na upepo. Kisha ile boti ya pili ikaipiga meli, maji yakainuka, na nilipofunua turubai sikumwona.

Nilikuwa na kamba ile mkononi hadi siku ya tisa. Wavuvi walinifungua vidole.

Nyumbani hapa watu wanakuja kumshukuru Mungu kwa ajili yangu. Wanaleta ndizi na kahawa. Padre amenitaja kwenye misa. Mtu akinisalimia kwa furaha naogopa, na mtoto akiita mwenzake huko kwenye migomba mimi nashuka chini, nashika ardhi. Sikuja kwenu kwa sababu nilijua ukinitazama utajua.

Siombi chochote.

Datius


Ijuganyondo
12 Septemba 2024

Datius,

Barua nimeifikisha. Ningejua ilikuwa na nini ningekulazimisha uibebe mwenyewe.

Mama Viral aliifungua palepale nyuma ya kaunta. Kulikuwa na mama mmoja anasubiri kupimiwa kitambaa. Alisoma amesimama, akarudia ukurasa wa pili, kisha akamwambia yule mama kwa adabu, "Samahani, tumefunga." Saa nne asubuhi. Akateremsha mlango wa bati. Akamwita Mzee kutoka stoo, akamkalisha kwenye kiti, akanipa mimi barua. "Macho ya Mzee hayasomi tena mwandiko wa mkono, na mimi sauti sina. Msomee."

Ndivyo nilivyojua. Nilijua kwa mdomo wangu mwenyewe, mstari baada ya mstari, mbele ya baba yake. Nilipofika "sikujibu hata mara moja" nikakwama. Mzee akasema, "Endelea, mwalimu." Nikaendelea.

Nilipomaliza aliinuka akafungua mlango, akatoka akasimama barabarani juani, bila kofia. Pikipiki zinampitia huku na huku. Nilitaka kumfuata, Mama Viral akanizuia.

Nimekasirika na wewe sana. Mimi ndiye niliyewapelekea uongo wako mwezi wa nane, nikaketi nao, nikanywa chai yao. Lakini nikiwa njiani kurudi nilikuwa nalia, na si kwa hasira. Nilikuona umelala ndani ya yale maji umejiziba mdomo. Nilijiuliza mimi ningesimama? Sijui, Datius. Naogopa jibu.

Mama hajui. Sitamwambia. Hilo ni lako.

Gaudiosa


Bukoba mjini
20 Septemba 2024

Datius,

Ulichosikia ni hesabu. Moja, mbili, tatu, nne, kwa Kigujarati. Mzee ndiye aliyemfundisha Viral kuogelea, hapa ziwani, akiwa na miaka sita. Alimwambia, ukichoka usiangalie mbali, piga mikono kumi ukihesabu, pumzika, hesabu tena. Kwa hiyo hakuwa anajisomea. Alikuwa anaogelea kukufuata.

Nakuandikia hili kwa sababu nawe umeniandikia kweli, na sitaki nibaki mimi ndiye ninayeficha.

Sijui nikuambie nini zaidi. Kuna saa nataka uwe hapa nikupikie, kuna saa sitaki jina lako litajwe ndani ya nyumba. Zote mbili zinanipata siku moja. Jana niliwasha jiko. Nilidhani aliungua, na hakuungua. Hilo nimelipata kwako.

Mzee anataka uje Jumamosi. Ana swali moja. Hataki kuniambia ni lipi. Namwogopea yeye, na nakuogopea wewe. Uje na dada yako ukitaka.

Sushila


Buganguzi
30 Septemba 2024

Dada,

Utanisamehe, Jumamosi nilipita mjini nisifike kwako. Nilikwenda peke yangu, na nilirudi peke yangu. Sikuweza kuonana na mtu.

Nilikaa mwisho wa basi, mbali na dirisha la upande wa ziwa. Pale tunapoanza kuteremka kuingia mjini, maji yakaonekana mbele, yote kwa mpigo, na abiria wote wakawa wanaongea tu kama hakuna kitu. Niliinama nikajidai nafunga viatu. Nilipofika dukani shati lilikuwa limeloa jasho kama nimetoka kuoga.

Mama Viral alinifungulia. Hakunishika mkono, lakini alisogea nipite. Mzee alikuwa amekaa kwenye kile kiti chake. Amekonda, Dada. Kulikuwa na kiti kingine mbele yake, nikasita kukalia, akanionyesha kwa kidole.

Nikasema, "Shikamoo Mzee."

Akasema, "Marahaba." Nilijua swali litakuwa kwa nini, na nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nimepanga maneno ya boti ya pili na moshi na mkono ulioungua.

Hakuuliza kwa nini. Aliuliza, "Ungerusha kamba, angefika?"

Nilitazama sakafu. Palikuwa na majibu mengi mazuri. Kwamba upepo ulikuwa mkali. Kwamba mkono wangu ulikuwa hauna nguvu. Kwamba Mungu ndiye ajuaye. Mama Viral alikuwa amesimama mlangoni, na nikaona midomo yake inataka nijibu hivyo. Alikuwa ananiombea nijibu hivyo, kwa ajili ya Mzee.

Nikasema, "Angefika."

Mzee akasema, "Hatua thelathini."

Nikasema, "Hazikuzidi. Kamba ilikuwa inatosha."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Akasema, "Basi. Nenda." Nikainuka. Nilipofika mlangoni nikasikia nyuma yangu sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima, na Mama Viral akanipita anakimbia kwenda kwake, nikatoka nje nikaufunga mlango.

Jana jioni nilimweleza Mama kila kitu. Alikuwa anamenya ebitoke, ndizi za jioni. Alisikiliza mpaka mwisho kisu kimesimama mkononi. Kisha akasema tu, "Waitu, maskini mama yake," akalia kwa ajili ya Mama Viral, si kwa ajili yangu. Asubuhi hii alinikatia mkungu mzima nimpelekee. Nimemwambia haiwezekani. Sijui nimefanya vema au nimemuua yule mzee. Nikifumba macho naisikia tena sauti ile. Nina hofu mtu atakuja kuniambia amefariki.

Datius


Bukoba mjini
9 Oktoba 2024

Mwanangu Datius,

Mzee yuko hai. Gaudiosa ameniambia unavyoogopa.

Siku tatu baada ya wewe kuondoka hakusema neno. Hakufungua duka. Alikuwa analia, analala, anaamka, analia tena. Tangu mwezi wa tano hakuwahi kulia hata siku moja, alikuwa anapanga tu bidhaa, anapangua, anapanga. Siku ya nne alikunywa chai, akasema, "Yule kijana angeweza kusema hajui." Nikasema ndiyo, angeweza. Akasema, "Mimi ningesema sijui." Akarudi kulala.

Sitakudanganya kwamba amekusamehe. Hajasema hivyo, nami sijamuuliza. Mimi mwenyewe bado niko kama nilivyokuandikia.

Lakini jana alinituma. Jumapili ya tarehe ishirini tunamfanyia Viral ibada. Shreya atakuja. Hatuna majivu, na siku hizi hapa hatuna hata mtu wa dini yetu wa kutusomea, tumebaki familia chache. Tutafanya wenyewe, asubuhi, pale ufukweni alipojifunzia kuogelea. Tunaweka maua na taa ndogo juu ya maji, na lazima mtu aingie majini mpaka kiunoni kuvipeleka, la sivyo mawimbi yanavirudisha.

Mzee anasema ataingia yeye, na anataka uingie naye.

Nilimkatalia. Nilimwambia, "Huyo kijana hawezi hata kulitazama ziwa kutoka kwenye basi, dada yake ameniambia. Anaogopa maji."

Akaniambia, "Na mimi naogopa. Tangu siku ile sijashuka ufukweni. Mwandikie aje tushikane mikono."

Sushila